Neno la Mtu Aliye Ndani

Haya hayakutokea zamani, wala hayakutokea mbali. Yalitokea Ubavuni, jamhuri ndogo yenye amani nyingi, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana ramani zake zote zimepelekwa kusahihishwa na bado hazijarudi.

Ubavuni walikuwa na sheria moja iliyoonewa wivu hata na nchi kubwa. Iliitwa Sheria ya Hodi. Askari, hata awe na bunduki, hata awe na hati yenye mihuri mitatu, hakuruhusiwa kuingia nyumba ya mtu mpaka apige hodi na aliye ndani amjibu, "Karibu." Akipiga hodi mara tatu asijibiwe, ageuke aende zake, kama adabu inavyotaka. Sheria hiyo aliitunga Jirani Mkuu mwenyewe katika mwaka wake wa kwanza, alipokuwa bado anapenda kupendwa. Huko hapakuwa na rais wala mfalme. Vyeo hivyo, alisema, vinamweka mtu mbali na watu wake. Yeye alikuwa Jirani Mkuu tu, Jirani wa Wote, Jirani wa Maisha.

Sheria ikafanya kazi kupita kiasi. Haikuchukua miaka mingi wananchi wakaacha kabisa kusema karibu. Hodi ikisikika, nyumba nzima inanyamaza, mwiko unasimama ndani ya sufuria, mtoto anazibwa mdomo. Ndugu waliotembeleana walijifunza kuingia kimyakimya kwa mlango wa uani. Wezi peke yao ndio waliobaki na adabu ya kupiga hodi, maana walikuwa na uhakika hakuna atakayejibu.

Aliyeumizwa na kimya hicho kuliko wote ni Bi Mashavu wa Baraza la Maneno. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kukusanya maneno ya kamusi. Hakuyapata ofisini. Aliyafuata majikoni na penye mistari ya kufulia, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akasikiliza watu wakisutana, kisha akaandika kila neno kwenye kadi yake: maana yake, asili yake, na kinywa alichokisikia kikilisema. Siku hizi alipiga hodi mitaa mitatu akarudi na kadi tupu.

Hata hivyo nyumbani kwake mwenyewe hodi ilipopigwa naye hakujibu. Ndani alikuwa amemficha mdogo wake, Pazi.

Pazi alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku moja Jirani Mkuu alihutubia uwanjani akasema, "Ndugu zangu, mimi niko karibu nanyi kuliko nguo mlizovaa." Watu walipiga makofi huku wakitazamana, maana kila mmoja alijua kikulacho kinakaa wapi. Pazi hakupiga makofi. Alinyoosha mkono, tabia mbaya ya walimu, akauliza: "Mheshimiwa Jirani, kama uko karibu hivyo, mbona tukilia husikii?"

Swali lenyewe halikuwa kosa. Kosa ni kwamba watu walicheka.

Alifika kwa dada yake mbio, kiatu kimoja mguuni, na tangu hapo hakutoka. Kila siku askari alikuja mlangoni, akapiga hodi zake tatu, akageuka. Nyuma yake alisimama askari wa pili, naye akapiga tatu, akageuka. Akaja wa tatu, wa nne, wa kumi. Hawakuivunja sheria hata kidogo. Walipanga foleni tu. Ilipofika adhuhuri mlango ulikuwa umepigiwa hodi mia mbili. Bi Mashavu aliketi chumbani na pindo la kanga kinywani, akiliuma, maana mtu aliyelelewa akaleleka akisikia hodi jibu humtoka lenyewe. Pazi alimwangalia akacheka bila sauti. Mama yao alikufa Pazi akiwa wa miaka minne; Bi Mashavu ndiye aliyemwogesha, akamfundisha kula kwa mkono wa kulia, akamfungia chandarua. Alikuwa mdogo wake, na alikuwa mwanawe pia.

*

Mambo yaliharibika siku Jirani Mkuu alipoleta wageni kutoka nchi za nje, waje waone jinsi anavyopendwa. Ilichaguliwa nyumba ya Mama Chausiku, jirani wa Bi Mashavu, ikapakwa chokaa upande unaoonekana. Jirani Mkuu akasogea mlangoni mbele ya kamera, akapangusa viatu, akaita kwa sauti ya mtu wa nyumbani, "Hodi!"

Kimya.

"Hodi humu!"

Ndani Mama Chausiku alikuwa ameandaa chai na vitumbua, kama alivyoagizwa. Alikuwa amelifanyia neno lile mazoezi wiki nzima. Lakini miaka ya hofu ilikuwa imeshampa adabu mpya, na hodi ilipolia yeye na wanawe wote walianguka chini ya kitanda.

Jirani Mkuu akapiga hodi ya tatu. Kwa sheria yake mwenyewe ilimpasa ageuke. Kwa heshima yake mwenyewe hakuweza kugeuka. Akasimama pale juani kwa saa mbili na nusu, akitabasamu, na wageni wakaandika kwenye daftari zao.

Kesho yake walinzi kumi na wanne walifukuzwa kazi, aliyepaka chokaa alipigwa, na Bi Mashavu akaitwa Wizara ya Ujirani Mwema.

*

Waziri, Mheshimiwa Lukindo, alikuwa mtu mnene wa maneno. Alimkaribisha Bi Mashavu kwa kidole, kimya, kwani hata yeye neno lenyewe lilikuwa limeshamkauka.

"Bi Mashavu," alisema, "Taifa liko katika msiba wa msamiati. Jirani wa Wote anauliza, na mimi nauliza kwa niaba ya kuuliza kwake: neno hili karibu, ni nini? Limetoka wapi? Nani alilileta, na kwa kibali cha nani?"

Bi Mashavu alifurahi, masikini. Katika miaka thelathini na mmoja hakuna waziri aliyewahi kumuuliza neno limetoka wapi.

"Mheshimiwa, limetoka kwa Waarabu. Kwao ni kitu kisicho mbali, basi. Limezaliwa tumbo moja na takriban, na kukurubia, na akraba, yaani jamaa zako, watu wa damu yako. Sisi tulipolipokea tukaliweka mlangoni. Mtu akiwa nje anaita hodi, aliye ndani anamwambia karibu: sogea, usikae mbali nasi, kuwa kama akraba. Ndiyo maana ni neno zuri, mheshimiwa. Huwezi kulisema ila uko ndani na moyo wako umekubali. Ni neno la mtu aliye ndani kwa mtu aliye nje."

Waziri aliinuka akafunga dirisha.

"Unasikia unayoyasema? Neno linalofungua milango yote ya nchi hii limeachwa kinywani mwa mtu yeyote aliye ndani! Mpika maandazi! Kikongwe! Hata mtoto! Nchi gani inayoacha ufunguo wake kwa raia?"

"Ndivyo lilivyo, mheshimiwa."

"Ndivyo ulivyoliandika," alisema Waziri kwa upole. "Kuandika na kuwa ni mambo mawili."

Akamsogezea karatasi iliyopigwa chapa. Ilieleza kwamba babu wa babu yake Jirani Mkuu, Bwana Kisuse, alikuwa safarini akanyeshewa na mvua, akafika penye nyumba, akapiga hodi. Asijibiwe. Basi kwa hekima yake akajijibu mwenyewe, "Karibu," akaingia, akala chakula alichokikuta. Hiyo ndiyo asili ya neno. Tangu mwanzo lilikuwa neno la mtu aliye nje, na kujibiwa na aliye ndani ni uzembe ulioingia baadaye.

"Mheshimiwa, haya hayakutokea."

"Yatatokea ukishaandika." Waziri akaegemea kiti. "Tunajua mdogo wako yuko kwako. Juzi mlikula mihogo. Lakini sheria ni sheria, hatuingii. Andika kadi hii kwa mkono wako, uweke jina lako la kitaalamu, na jina la Pazi litatoka kwenye orodha ya wanaotafutwa. Nakupa kwa maandishi."

Akaandika kweli, akagonga muhuri.

Msomaji asimhukumu upesi. Bi Mashavu hakuwa mjinga, alikuwa mtaalamu. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu, nje ya ofisi yao, akifungua kamusi. Vitabu hivyo vilitumika kukandamizia mapazia na kuinulia watoto mezani. Uongo wa mistari mitano ndani ya kitabu kisichosomwa, kwa uhai wa mtu mmoja aliyemlea mwenyewe: akapima, akaona mizani imelala upande mmoja. Akachukua kalamu. Mwandiko ulitoka mzuri kama kawaida.

Jioni Pazi alimuuliza, "Dada, leo umepata maneno mangapi?"

"Moja."

"Zuri?"

"Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

*

Kamusi mpya ilizinduliwa kwa hodi ishirini na moja za heshima. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Ubavuni kitabu kilisomwa, na kilisomwa na jeshi zima. Asubuhi hiyohiyo Bi Mashavu, akiwa njiani kwenda kazini, alipita kando ya uwanja wa gwaride akasikia vifua mia tano vikiitikia kwa pamoja:

"Hodi! Karibu! Asante!"

"Tena!" alifoka mwalimu wao. "Hilo karibu liwe laini! Wewe wa nyuma, unajikaribisha kama unagombana na mkeo!"

"Hodi! Karibu! Asante!"

Alisimama mpaka akaelewa. Kisha akageuka na kukimbia, mtu wa miaka hamsini na minane, kanga mkononi, na waliomwona walidhani amefiwa.

Alipofika, buti sita zilikuwa zimepangwa kizingitini, vidole vikitazama nje. Askari wa Ubavuni walikuwa na adabu. Hawakanyagi mkeka na viatu. Sajini alikuwa ameketi kwenye kigoda akinywa maji, kikombe kakishika kwa mikono miwili. Pazi alikuwa kati ya askari wawili waliovaa soksi, bado ana kisu cha kumenyea mihogo.

"Dada, watu hawa wamejikaribisha," alisema Pazi. Aliongea taratibu, kama anayejaribu kupata jibu la hesabu ngumu. "Wamepiga hodi, wakaitikia wenyewe, wakaingia. Waambie hiyo si sheria. Wewe ndiye unayejua maneno, waambie!"

Bi Mashavu alifungua kinywa.

"Mama ameshatuambia," alisema Sajini kwa heshima kubwa, akafungua kamusi aliyokuwa ameikalia. "Ukurasa wa mia moja na tisini. Karibu: neno la mtu aliye nje. Na hapa chini, mkusanyaji ni Bi Mashavu. Tunakushukuru sana, mama. Siku arobaini tumesimama juani, magoti yametuishia."

Pazi akalitazama jina lile, kisha akamtazama dada yake. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma. Aliweka kisu juu ya mihogo.

"Kumbe ndilo hilo neno moja," alisema.

Bi Mashavu akampigia Sajini magoti, akatoa karatasi ya Waziri yenye muhuri. Sajini akaisoma yote, mpaka tarehe.

"Ni kweli, mama, na itatekelezwa. Hapa anasema jina litatoka kwenye orodha ya wanaotafutwa. Sasa sisi kwa nini tuendelee kumtafuta, na tumeshampata?" Akatoa orodha mfukoni, akalikata jina la Pazi kwa mstari mmoja mnyoofu. Wakavaa buti zao, wakaondoka naye.

*

Walimrudisha baada ya wiki tatu, ameshaoshwa na kuvikwa sanda, maana Serikali haipendi ndugu wapate taabu ya kufunua. Ripoti ilikuwa ya nusu ukurasa. Ilisema marehemu, kwa hiari yake, alikurubiana na sakafu mara kadhaa.

Bi Mashavu alikaa na mwili ule asubuhi nzima, akiushika miguu. Alilia hadi sauti ikamkauka. Lakini maiti haisubiri, na mwanamke mmoja habebi jeneza. Akatoka kuwaita majirani, akaanza na mlango wa Mama Chausiku.

"Hodi!"

Mchi ulikuwa unatwanga ndani, ukanyamaza.

"Hodi, Mama Chausiku. Ni mimi, Mashavu. Pazi amefariki."

Akasikia mtu akipumua nyuma ya ubao. Akaita mara ya tatu. Alijua wamo, alijua hata walichokuwa wakipika. Kisha sauti ya Mama Chausiku ikatoka, ya chini, ya mtu aliyelia naye.

"Mashavu, unangoja nini? Si ujijibu mwenyewe?"

Hakujijibu. Akaenda mlango wa pili, wa tatu, akaumaliza mtaa. Kila alipoita alisikia miguu ikikimbilia uani. Watu hawakuwa wabaya. Tangu kamusi itoke nyumba kumi na moja za mtaa ule zilikuwa zimeingiwa, na hodi ya rafiki na hodi ya askari zilikuwa zimekuwa kitu kimoja.

Nani basi atambeba Pazi? Habari zikafika Wizarani, na Mheshimiwa Lukindo akaguswa. Alisema katika Ubavuni hakuna mtu asiyekuwa na jirani, kwa kuwa yuko Jirani wa Wote. Akaleta askari wanne wa kubeba, wawili kati yao wakiwa walewale waliovaa soksi, na karani mmoja wa kujaza fomu. Bi Mashavu akawafuata nyuma, peke yake.

Makaburini Waziri alihutubia kwa muda wa kutosha. Alisema mauti ni daraja na marehemu alikuwa mwalimu. Askari walipoinama kumshusha, karani akakohoa.

"Samahani, mheshimiwa. Kifungu cha nne cha Sheria ya Hodi kinasema nyumba ni mahali popote mtu anapolala. Hapa marehemu atalala. Kwa hiyo hatuwezi kuingiza mtu bila hodi."

Askari wakasimama na jeneza lililo wazi mabegani. Waziri akatafakari, akaona sheria iko sawa, akainama juu ya shimo akaita, "Hodi!"

Kaburi halikujibu.

"Sasa, Bi Mashavu," akasema Waziri, "wewe ndiye mwenye neno. Kwa mujibu wa kadi yako, hapa anajibu nani?"

Bi Mashavu alimtazama mtu yule. Alikuwa anauliza kweli, hakuwa na dhihaka yoyote.

"Anayeingia," alisema.

"Vizuri. Tumngoje, basi."

Wakamngoja. Jua lilikuwa kali, jasho likawatiririka askari hadi kwenye buti. Mmoja alibadilisha bega. Waziri akatazama saa, akasema sheria haina haraka, akaenda kukaa kivulini. Karani alisimama na kalamu juu ya fomu, masikio ameyatega upande wa jeneza. Nzi wakaanza kuja. Bi Mashavu akawafukuza kwa kanga, mara ya kwanza, mara ya pili. Walipozidi hakuvumilia tena. Akasogea mpaka ukingoni, akainua mkono akagusa sanda, mahali pa kichwa.

"Karibu," alisema. "Karibu, mwanangu."

"Limesikika!" alisema karani, akafurahi, kisha akakunja uso. "Ila kuna visanduku viwili hapa, mama. Umejibu kwa niaba ya marehemu, au kwa niaba ya kaburi?"

"Andika akraba."

Karani akaipitia fomu juu hadi chini, akaigeuza nyuma.

"Kisanduku hicho hakipo, mama," akasema, akatia alama kwenye kisanduku cha kaburi, wakamshusha.